Kidole Gumba cha Shangazi Pasi

Shangazi yangu alikuwa na wivu. Nalisema mapema, maana kila aliyemjua atalitafuta neno hilo hapa, na asipolikuta atadhani ninaandika habari za mtu mwingine. Tulipomzika mwezi uliopita mchungaji alimsifu kwa bidii, usafi na kumcha Mungu, na yote matatu yalikuwa kweli. Lakini nilimwona jirani mmoja akimgusa mwenzake kwa kiwiko, wakainamisha vichwa kuficha kicheko, nikajua wanakumbuka nini. Nami nilicheka, machozi yakinitoka.

Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa uani: meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu, pasi mbili, moja ya umeme na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme umekatika, na kamba zilizojaa mashati ya watu. Watoto wa mtaani walimwita Shangazi Pasi, kwanza kwa kazi yake, pili kwa kuwa alikuwa wa moto. Jina halikumuudhi. "Anayeungua ni yule anayepeleka mkono pasipomhusu," alisema.

Wivu wake wote ulikuwa juu ya baba yangu, mdogo wake wa pekee. Mama yao alifariki baba akiwa bado ananyonya, na shangazi alikuwa binti wa shule ya msingi. Akaacha shule, akamlea. Alikuwa na namna moja tu ya kumlaza: alimpakata, akaweka kidole gumba katikati ya nyusi zake, akakishusha polepole hadi kwenye pua, akarudi juu, akashusha tena, mpaka mtoto akalegea. Hata mimi alinifanyia hivyo nilipokuwa mdogo. Kidole chenyewe kilikuwa kigumu kwa kazi, lakini kilipita usoni kama kitambaa, na nilikuwa nimelala kabla sijamaliza swali nililokuwa nikiuliza.

Wachumba walikuja. Aliwauliza kama watamchukua na mtoto, wakasita, naye akawafungulia mlango watoke. Mpaka baba alipooa, watu wengi walikuwa bado wanadhani ni mwanawe wa kumzaa.

Mama yangu aliingia katika nyumba hiyo akidhani anakuja kupata wifi. Alipata mkaguzi. Baba alikuwa fundi rangi, siku za kazi alivaa ovaroli ambalo hakuna aliyejisumbua nalo, ila shati la Jumapili lilikuwa vita. Mama akilipiga pasi na kulitundika, shangazi alilishusha.

"Wifi, hii kola imelala kama ulimi wa ng'ombe."

"Iache hivyo hivyo, wifi. Mwenyewe hajalalamika."

"Hajalalamika kwa sababu nimemlea vizuri."

Kisha analipeleka uani na kulipiga upya. Mama naye alianza kuficha mashati chini ya godoro, shangazi akayatoa yakiwa na mikunjo, na hapo akapata la kusema mbele ya watu. Ikafika mahali baba akawa anakwenda kanisani na sweta juani, jasho likimtiririka, ili pasiwe na atakayeona kola wala kuuliza imepigwa na nani.

Hata kwa Mungu shangazi alipeleka wivu wake. Akiomba jioni alimtaja baba kwanza, tena kwa sauti, halafu wazazi wao marehemu, halafu sisi watoto kwa majina. Mama hakutajwa. Mama alikuwa ndani ya "na wengine wote, Bwana". Mama alikuwa akifumba macho na kukaza midomo, na baada ya amina aliniambia jikoni, "Leo tena nimepita na umati."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na ningeweza kuandika mashati mpaka karatasi ziishe. Lakini ninachotaka mjue kumhusu ni kile alichokifanya mwaka ambao baba alianguka.

Alikuwa anapaka rangi ghorofa, jukwaa likafunguka upande mmoja, akaangukia kichwa. Hospitali walimpasua kupunguza damu iliyovuja ndani ya fuvu, kisha wakamwacha amelala kwa dawa, bomba mdomoni na mashine ikimvutia pumzi, ili ubongo upumzike. Chumba cha wagonjwa mahututi kiliruhusu wagonjwa kuangaliwa mchana tu, watu wachache, mikono imenawishwa na koti la kijani juu ya nguo.

Mwenye dhamana ya dawa hizo alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyevaa viatu vya mpira. Sisi tulimwita Daktari wa Usingizi. Siku ya kwanza alituonyesha ukanda mwembamba uliobandikwa kwenye paji la uso la baba, juu ya nyusi, wenye waya uliokwenda kwenye kioo kidogo. Kwenye kioo mstari ulikuwa ukipanda na kushuka kama mwandiko wa mtu mwenye haraka, na pembeni kulikuwa na namba moja kubwa.

"Ubongo unatoa umeme kidogo," alisema. "Mashine hii inausoma na kutupa namba. Mtu aliye macho kama ninyi anakaribia mia. Mgonjwa wetu tunamtaka kati ya arobaini na sitini. Ikishuka sana, tumemzamisha mno, tunapunguza dawa. Ikipanda, anakaribia kuamka kabla ya wakati wake, tunaongeza."

"Kwa hiyo inaonyesha kama anatusikia," shangazi alisema.

"Inaonyesha amelala kiasi gani, mama."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Daktari alikuwa anaitwa kitanda kingine. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu akaenda, nasi tukabaki na maelezo ya shangazi.

Mama ndiye aliyekaribia kwanza, kwa kuwa ni mke. Alikuwa ameambiwa na nesi asishikeshike nyaya, basi akakaa na mikono mapajani, akasema, "Baba Watoto, ni mimi. Tupo. Mungu yupo." Namba ilikuwa arobaini na saba. Ikawa arobaini na nane, ikarudi.

Shangazi akasogea. Hakusema mengi. Aliinama, akasema, "Mdogo wangu, dada yako nimekuja," na kidole gumba kikaenda chenyewe katikati ya nyusi, chini kidogo ya ule ukanda. Namba ikapanda. Hamsini na tano. Sitini na moja. Sitini na sita.

Akageuka kumtazama mama. Nimewahi kuona watu wakishinda kesi, nimewahi kuona watu wakifaulu mtihani, lakini uso ule sijauona tena.

Kuanzia siku hiyo haukuwa ugonjwa tena, yakawa mashindano. Kila mchana tulikwenda, na kila mchana mama alijaribu. Alimsomea Zaburi. Alimwimbia nyimbo alizozipenda. Alimweleza habari za watoto, akamkumbusha siku ya harusi yao, hata siku moja akamgombeza kwa kupanda jukwaa bovu, akidhani pengine ugomvi utamfikia. Namba ikatulia pale pale kama mtu asiyemjua. Shangazi akifika tu, akiinama na kumsalimia, namba inapanda. Kisha wakati wa kutoka ukifika nesi anakuja, anaangalia kioo, anabonyeza pampu ya dawa.

Njiani kurudi nyumbani shangazi alikuwa akiniambia mimi, kwa sauti ya kumfikia mama, "Damu haisahau. Mtu anaweza kupikiwa miaka thelathini, lakini akiwa amelala kabisa, hapo ndipo unamjua wake ni nani."

"Wifi, ningekuwa wewe ningemwogopa Mungu," mama alijibu.

"Namwogopa sana. Ndiye aliyeitengeneza hiyo namba."

Mama hakulia mbele yake. Alilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, nami nilikaa nje ya mlango nimeshika taulo. Alipotoka aliniuliza swali moja, na naliweka hapa kwa kuwa ndilo lililokuwa moyoni mwa sote. "Hivi inawezekana niliishi na mtu ambaye hata hakunijua?"

Halafu likaja jambo lililoongeza moto. Daktari wa Usingizi alituambia kwamba picha ya kichwa ilikuwa nzuri, uvimbe umepungua, na wangeanza kupunguza dawa ili baba aamke. "Siku hiyo namtaka mtu mmoja tu pembeni yake. Ataamka amechanganyikiwa, bomba linamsumbua, anaweza kupigana. Sauti moja anayoifahamu, ya utulivu. Mchague wenyewe."

"Hilo limeshachaguliwa," shangazi alisema. "Namba imeshasema."

"Mimi ni mkewe," mama alisema.

"Na mimi ni nani? Mpangaji?"

Daktari aliangalia viatu vyake.

Lakini siku iliyopangwa haikufika. Waliahirisha, kisha wakaahirisha tena. Kila asubuhi mambo yalikuwa sawa, kila alasiri baba alionekana kukaribia kuamka ghafla, dawa ikaongezwa, na ikiongezwa presha yake ilishuka, ikabidi wahangaike kuipandisha. Manesi wakaanza kusema mgonjwa huyu usingizi wake hautabiriki. Shangazi aliposikia hivyo alinong'ona, "Ananitafuta. Wanamzuia."

Alasiri moja tulikuta Daktari wa Usingizi amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, amekunja mikono. Alisema anataka kuona mwenyewe hiki kinachotokea alasiri, akaturuhusu tuingie wote watatu. "Fanyeni kama kawaida."

Mama akasalimia, namba ikatulia. Shangazi akainama, kidole kikaenda mahali pake, namba ikapanda. Daktari hakuangalia namba. Aliangalia kidole.

"Mama," alisema, "naomba toa mkono kidogo. Endelea kuongea."

Shangazi akautoa. Akaongea. Alimwita, akamwambia amrudie, akamtaja mama yao marehemu. Namba ikashuka taratibu mpaka arobaini na tisa, ikakaa.

"Sasa nyamaza. Weka kidole, usiseme chochote."

Akaweka. Tulisimama kimya, tunasikia mashine ya pumzi tu. Hamsini na nane. Sitini na nne.

Daktari alieleza kwa upole, naamini alijua anakata tumaini la mtu. Ukanda ule unasoma umeme wa ubongo, lakini misuli ya paji nayo ina umeme wake. Ukiisugua inakunjana, na ngozi chini ya ukanda inavutika, na mashine inavihesabu vyote pamoja na ubongo. Inadhani mtu anaamka. "Hakuwa anaamka. Ni ngozi tu. Na sisi tulipaswa kuliona mapema, kosa ni letu."

Shangazi aliuliza, "Kwa hiyo zile dawa mlizokuwa mnaongeza?"

"Tuliongeza kwa sababu ya namba."

"Nauliza, ni mimi niliyekuwa namlaza?"

"Hukujua, mama."

"Sijauliza kama nilijua."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Shangazi akauchukua mkono wake wa kulia akauficha kwapani, kama alivyofanya siku ambazo pasi imemuunguza na hataki mteja aone.

Nilimwogopea mama. Sikuwa na hofu juu ya atakachofanyiwa, nilihofia atakachosema. Alikuwa na miaka ya mashati moyoni, na mlango ulikuwa wazi. Tulitembea kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, mama mbele, shangazi nyuma.

"Kwa hiyo namba haikuwa yako," mama alisema bila kugeuka.

"Haikuwa yangu."

"Wala yangu."

"Wala yako."

"Ilikuwa ya kidole." Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kicheko cha kwanza tangu baba aanguke. Shangazi hakucheka. Lakini hakumwambia anyamaze.

Siku zilizofuata alikuja kama kawaida. Alivuta kiti cha plastiki karibu na kitanda na kuikalia mikono yake yote miwili, chini ya mapaja. Nesi alimuuliza kama anasikia baridi. "Nimeifunga," alijibu. Alikuwa ametumia kidole kile maisha yake yote, nacho kilikuwa kinajua njia.

Namba ikatulia alasiri kama asubuhi, na siku ya kuamshwa ikapangwa upya. Asubuhi yake, mama akiwa jikoni anachemsha chai, shangazi aliingia. Alikuwa amebeba shati la Jumapili la baba, limekunjwa, halijapigwa pasi. Akaliweka mezani.

"Wifi, utaingia wewe."

Mama akazima jiko. "Na wewe?"

"Mimi mikono yangu siiamini."

Wakakaa. Nikawamiminia chai, hakuna aliyeinywa. Mama akauliza polepole, "Nitamwitaje asishtuke?"

"Unamwitaje siku zote?"

"Baba Watoto."

"Baba Watoto!" Shangazi alifyonza, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikamsikia Pasi ninayemjua. "Na kama kichwa kimemrudisha utotoni, ana miaka minane? Atakwambia watoto gani?"

"Basi niambie."

Niliona anapigana na nafsi yake. Kulikuwa na kitu alichokuwa amebaki nacho peke yake, na mama hakujua hata kama kipo.

"Kibogoyo," akasema hatimaye. "Alichelewa sana kuota meno. Watu wakasema hataota. Nilikuwa nikimwamsha kwa hilo jina, na alikuwa anaamka akinionyesha fizi. Hajaitwa hivyo na mtu mwingine. Usilitumie nyumbani."

"Sitalitumia nyumbani."

"Ukilitumia nyumbani nitajua."

Mama aliingia peke yake. Mimi na shangazi tulisimama nje, kwenye kioo cha mlango. Shangazi aliomba hapo hapo, macho wazi, midomo ikienda. Dawa ilikuwa imepunguzwa tangu alfajiri, na tuliona namba ikipanda yenyewe, bila kidole cha mtu: sabini, sabini na kitu, themanini. Baba akaanza kutikisa kichwa, mkono ukatafuta bomba, nesi akaushika. Mama akainama sikioni. Tuliona midomo yake ikilitamka.

Baba akatulia. Akafungua macho, akamtazama mama kwa mshangao mkubwa.

Bomba lilitolewa kesho yake. Mama ndiye aliyekuwa pale, na maneno ya kwanza ya baba, kwa sauti ya kukwaruza, yalikuwa, "Nani kakwambia hilo jina?"

"Dada yako."

"Yuko wapi?"

Mama aliniambia baadaye kwamba wivu ulimpanda mpaka kooni. Amekaa pale siku zote hizo, na mtu anafungua mdomo kumuulizia dada yake. Alitoka nje uso umekunjamana. "Anakuita," alimwambia shangazi. "Nenda."

Shangazi aliingia mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Dada, umeficha nini? Umeniletea chakula?"

"Sijaficha kitu."

"Nimechoka, dada. Silali vizuri humu."

Ukanda ulikuwa umeshabanduliwa, paji lilikuwa tupu, na alama nyekundu ilipokuwa gundi. Kioo kilikuwa kimezimwa. Shangazi alilitazama paji lile, kisha akageuka kumtazama mama, ambaye alikuwa amesimama mlangoni. Katika maisha yao yote sikuwahi kumwona akimuomba mama ruhusa.

"Mlaze, wifi," mama alisema. "Lakini nitakayemwamsha ni mimi."

Kidole kikashuka mara chache tu. Baba akalala, usingizi wake mwenyewe.

Sitadanganya kwamba wivu uliisha siku hiyo. Baba aliporudi nyumbani, akiburuta mguu mmoja, vita vya kola viliendelea. Badiliko nililoliona lilikuwa kwenye maombi. Shangazi aliendelea kumtaja baba kwanza, kisha wazazi wao, kisha sisi. Halafu akatulia kidogo, akasema, "na huyu aliyekuja kwa ndoa," na baada yake ndipo wakaja wengine wote. Mama alifungua jicho moja kunitazama. Ametoka kwenye umati.

Shangazi aliugua moyo mwaka huu, haukumchukua muda. Alifia kitandani kwake, baba ameshika mguu, mama ameshika mkono ule wa kulia. Namshukuru Mungu kwamba hakuhitaji mashine yoyote, na namuomba amlaze mahali ambapo hakuna wa kugombania.

Gauni la kumzikia lilipigwa pasi na mama. Alikataa msaada wangu. Alilitandika kwenye blanketi la kijivu uani, akatumia pasi ya shangazi, akaanza na mikono, kisha kifua, kola mwisho. Alipomaliza aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akageuka kuelekea mlangoni akiwa ameliinua hivyo hivyo, akangoja.

Mlangoni nilikuwa mimi tu.

"Iko sawa, mama," nikasema.

"Wewe utajua nini," akajibu, akalirudisha mezani, akaipiga kola upya.